Mvulana wa Darajani

Barua ya pingamizi ilimfikia Mkunga akiwa kazini, mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, mikono bado ina povu la sabuni. Tarishi wa ofisi ya uandikishaji hakumtazama usoni. Alimsainisha daftari, akamkabidhi bahasha, akaondoka upesi kama mtu aliyeacha nyoka kizingitini.

Mji ule uko hatua chache tu kutoka mto wa mpaka, na mwaka huo wakazi wote walikuwa wameamriwa kuandikishwa upya. Vitambulisho vya zamani vilifutwa. Ukipeleka maombi, jina lako linabandikwa ubaoni siku thelathini, na yeyote mwenye shaka na asili yako ana ruhusa ya kuandika pingamizi. Utaratibu huo uliwatia watu adabu ya ajabu. Majirani waliokuwa wakitupiana maneno kila asubuhi kwa sababu ya mfereji wa maji machafu walianza kupishana kwa “tafadhali” na “samahani”.

Mkunga hakuwa na hofu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akipokea watoto wa mji huo huo. Nusu ya waliokuwa wakijazana ubaoni kusoma majina, yeye ndiye aliyewapiga kofi la kwanza ili walie. Alipochana bahasha alidhani wamekosea herufi ya jina lake.

Barua ilikuwa fupi. Ilisema baba yake mzazi hakuzaliwa upande huu wa mto. Aliletwa akiwa mtoto mdogo, mwaka wa mauaji ya ng'ambo, siku ile watoto yatima walipovushwa darajani. “Alikuja amevaa gunia,” barua iliendelea, “na babu yangu akampokea kwa huruma tu. Kwa hiyo mwombaji si wa asili ya hapa.” Nyuma yake kulikuwa na nakala ya ukurasa wa zamani: orodha ya watoto wa darajani. Mstari mmoja ulikuwa umepigiwa wino mwekundu. Mvulana, umri baina ya sita na nane, hajui jina la baba yake, amepokelewa na fulani. Huyo fulani alikuwa babu yake Mkunga, na pembeni kulikuwa na alama ya dole gumba lake.

Sahihi iliyokuwa chini ya barua aliijua vizuri, kwani yeye ndiye aliyemfundisha mwenye sahihi hiyo kushika kalamu. Ilikuwa ya mtoto wa baba yake mdogo.

Mji mzima ulimwita Muhuri. Alikuwa karani katika ofisi hiyo hiyo ya uandikishaji, mtu mkavu, ambaye hata ukimsalimia ungedhani anakagua salamu yako kama imekamilika kabla ya kuipokea. Yeye na Mkunga walikaa ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana, kwenye kiwanja cha urithi wa babu. Chumba cha nyuma, katikati yao, kilikuwa cha Shangazi, dada wa baba zao wote wawili, ajuza wa miaka themanini na ushee.

Kilichomchoma Mkunga zaidi kuliko lile gunia ni neno moja. Muhuri aliandika “babu yangu”. Maisha yao yote babu alikuwa babu yetu.

Alimkuta uani jioni hiyo, anapiga pasi shati kwenye meza ya nje.

“Barua hii ni ya mkono wako?” akamuuliza, akimwonyesha barua.

Muhuri hakuinua kichwa. “Kama ina sahihi yangu, ni yangu.”

“Nimekukosea nini?”

“Sikuandika kuhusu makosa. Nimeandika kuhusu asili.”

“Unajua wakikubali barua hii nini kitanipata? Kazi sina. Nyumba sina. Watanipeleka kwenye daraja wanionyeshe njia.”

“Kamati inakaa tarehe kumi na nne,” alisema, akigeuza kola. “Kama una majibu, yapeleke huko. Mimi ni mtumishi wa umma, mama.”

Alimwita mama, kama anavyomwita mwanamke yeyote wa kwenye foleni. Miaka hamsini alikuwa amemwita dada. Mkunga alihisi mkono unamwasha, na kwa vile pasi ilikuwa karibu na ya moto, aliona heri aondoke.

Akaingia kwa Shangazi. Bibi kizee alikuwa karibu na dirisha akijaribu kupitisha uzi kwenye sindano, kazi iliyokuwa ikimchukua siku hizo robo saa na matusi kadhaa. Mkunga akamsomea barua yote. Alipofika kwenye gunia, sindano ilianguka sakafuni na Shangazi hakuitafuta.

“Nani kamwambia habari ya gunia?”

“Kwa hiyo ni kweli.”

“Gunia lilikuwa kweli.”

“Na baba yangu?”

Shangazi akafunga mdomo. Mkunga alingoja. Alishazoea kungoja watu wenye uchungu, lakini huyu hakuwa na nia ya kuzaa.

“Mama yangu alinishika masikio yote mawili akaniapisha,” alisema mwishowe. “Nilikuwa mdogo, ila masikio hayajasahau. Sitasema kwako, sitasema kwake. Nenda kaulize makaratasi.”

“Makaratasi yanaweza kusema uongo, shangazi.”

“Na mimi pia. Nenda.”

Nyumba ya kumbukumbu ilikuwa mji wa jirani, katika ghala la zamani la forodha. Mkunga aliomba ruhusa ya siku tatu kazini. Ndani kulikuwa na ubaridi wa pango na harufu ya karatasi iliyolowa ikakauka, ikalowa tena. Mtunza nyaraka alikaa nyuma ya dawati lililozibwa kwa waya, mwanaume mwembamba mwenye koti la kahawia na miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Barua ya utambulisho,” alisema.

“Ninatafuta utambulisho, ndiyo maana nimekuja.”

“Basi umekuja mapema. Kaitafute kwanza ndipo uje uitafute.”

Mkunga akamwonyesha kadi ya kazi, barua ya pingamizi, na cheti chake cha ukunga alichokuja nacho kwa sababu hakujua kingine cha kubeba. Mtunza nyaraka alivisoma vyote, mbele na nyuma, hata sehemu zisizo na maandishi.

“Watu wa mpakani,” alisema, akivirudisha kwa ncha za vidole. “Tangu zoezi hili lianze mnanijia kila siku. Mnakuja kutafuta babu mnaowataka, si mliokuwa nao. Juzi mmoja alichana ukurasa akautia mdomoni. Akautafuna hapo ulipokaa.”

“Mimi meno yangu si mazuri kiasi hicho.”

Hakucheka. Alimwacha kwenye benchi mpaka saa nane mchana, huku akipanga kalamu zake na kunywa chai. Hatimaye alifungua kijimlango cha waya. Akamnyang'anya mkoba, akampa kalamu ya risasi, na akamwambia kwamba akitaka kukohoa ageukie ukutani.

Siku ya kwanza Mkunga hakupata kitu. Siku ya pili aliiona orodha yenyewe ya watoto wa darajani, ile aliyoambatanishiwa. Ilikuwa kama ilivyonakiliwa, haikughushiwa. Watoto arobaini na watatu. Wengine walikuwa na majina, wengine walikuwa “msichana, ana kovu shavuni” au “mvulana, haongei”. Alisoma wote, mmoja mmoja, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kuwaruka. Mstari wa babu haukutaja jina la mtoto. Babu alikuwa na wana wawili wa kiume, baba yake Mkunga na baba yake Muhuri. Orodha ilisema mmoja wao alivushwa daraja. Haikusema yupi.

Siku ya tatu asubuhi alimfuata mtunza nyaraka kwenye dawati lake.

“Kabla ya mwaka ule wa mauaji, waliwahi kuhesabu watu wa kando ya mto?”

“Kwa nini?”

“Mto ulihama njia yake, mpaka ukachorwa upya. Shangazi yangu husema walipita watu wenye minyororo ya kupimia. Mtu akichora mpaka lazima ajue nani amebaki ndani.”

Kwa mara ya kwanza yule mtu alimtazama kama anayetazama kiumbe mwenye akili, na ilionekana hakufurahia. Akaenda nyuma ya makabati, akakaa huko muda mrefu, akarudi na daftari refu lililoliwa kona na wadudu, limefungwa kwa kamba ya katani.

“Hesabu ya kaya,” alisema. “Miaka minne kabla ya daraja. Hakuna aliyewahi kuliomba. Hata kwenye fahirisi halimo, ofisi nyingi zinaamini liliungua.” Akaliweka mezani bila kuliachia. “Ukipata unachotaka, utafurahi. Ukipata usichotaka, nitakuwa nimesimama hapa nyuma yako.”

Na kweli akasimama nyuma yake, akimpumulia kisogoni.

Alikipata kijiji, akaipata kaya. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Mwenye nyumba. Mke mmoja. Mtoto wa kiume, miaka minne, na jina: jina la baba yake Mkunga, herufi kwa herufi. Mtoto wa kike, ananyonya. Huyo alikuwa Shangazi. Jumla, wanne. Hapakuwa na mtoto mwingine.

Mkunga alikaa ameweka kidole hewani juu ya mstari, maana alikatazwa kugusa wino. Baba yake alikuwapo miaka minne kabla ya daraja. Baba mdogo hakuwapo, naye katika vyeti vyake vyote alijulikana kuwa mdogo kwa kaka yake kwa miaka miwili tu. Alipaswa kuwa na miaka miwili siku ile ya kuhesabiwa. Aliyekuja na gunia alikuwa baba yake Muhuri.

Alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya na yeye mwenyewe aliusikia ubaya wake. Mchimba kisima kaingia mwenyewe.

“Nataka nakala yenye muhuri wenu,” alisema.

“Umeshinda,” alisema mtunza nyaraka nyuma yake.

“Ndiyo.”

“Huwa inatokea. Halafu huwa nasikia kilichowapata ndugu zao.” Akalibeba daftari kwenda kulinakili, bila kusema zaidi.

Shangazi alipoona nakala hakuhitaji kusomewa. Alikuwa hajui kusoma, lakini aliyaona macho ya mtoto wa kaka yake yanavyong'aa. Ndipo alipoongea. Mvulana aliletwa mchana, alisema, akiwa na gunia lililotobolewa matundu matatu, na siku nyingi alilala chini ya kitanda kwa woga. Baba yao akauza kila kitu kijijini, akahamia mjini ambako hakuna aliyejua ana watoto wangapi. Alimwambia kila mtu kwamba hawa ni wanangu. “Hakusema nimempokea kwa huruma. Hilo neno la huruma ameliongeza huyo mpumbavu.”

“Huyo mpumbavu alitaka nifukuzwe.”

“Na sasa wewe unataka yeye afukuzwe. Mmefanana. Hata damu haikuhitajika.”

Usiku haukuwa umeingia bado Mkunga alipovuka ua. Aliiweka nakala juu ya meza ya Muhuri, akaikandamiza kwa glasi ya maji ili upepo usiipeperushe. Muhuri alisoma mara moja tu. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi.

“Ulijua,” Mkunga alisema.

“Niliambiwa na baba siku tatu kabla hajafa.”

“Ukajua kwamba ni yeye, ukaandika kwamba ni baba yangu.”

“Tuliambiwa daftari hili liliungua. Bila hili ilikuwa kaka au mdogo, mmoja wao. Na zoezi lilikuwa linakuja, dada.” Neno hilo lilimtoka, akalimeza haraka. “Ningekaa ningoje mtu aniandikie? Nani anayemtafuta mwizi kwenye nyumba ya aliyepiga yowe?”

“Ungekuja kwangu.”

Muhuri akainuka. Mkunga hakuwahi kumwona na uso ule. “Kwenu? Unajua baba yako alimwitaje baba yangu wakigombana? Mwokotwe. Alikuwa anafunga mlango kwanza, mtu wa heshima, halafu anamwita mwokotwe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Miaka mingi sikujua maana yake, nilidhani ni jina la mnyama. Na wewe ulikuwa ndani mle, na siku moja ulicheka.”

“Sikumbuki.”

“Mtenda husahau.”

Mkunga alitafuta katika kichwa chake na kweli hakuiona siku hiyo. Lakini alimwona vizuri baba yake, anafunga mlango taratibu, anahakikisha komeo limekaa. Hakuweza kusema haikuwa kweli.

“Ulikuwa na ugomvi na marehemu,” alisema. “Mimi ndiye uliyenichagua kwa sababu niko hai.”

“Peleka karatasi yako. Baba yako angeipeleka kabla ya kunawa uso.”

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wenye madirisha makubwa na feni moja iliyokuwa ikilia. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa bado na tabia ya kugonga meza kwa penseli kabla ya kuuliza swali. Watu wa mji walijaa nyuma. Wengine hawakuwa na kesi. Walikuja tu kuona nani anaumbuka. Muhuri alikaa kwenye kiti cha mlalamikaji. Shangazi aliletwa kama shahidi, akakalishwa karibu na dirisha.

Mkunga alitoa nakala yake. Ikapita mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja mwanamke aliinua karatasi kwenye mwanga akaukagua muhuri.

“Imekamilika,” mwenyekiti alisema. “Baba yako alihesabiwa upande huu miaka minne kabla ya tukio la daraja. Pingamizi limeanguka.” Kisha akagonga penseli. “Lakini. Kama baba yako alikuwapo tayari, huyu mvulana wa darajani ni nani? Na huyu mtoto wa pili wa kiume, baba wa mlalamikaji, mbona hayumo katika hesabu?”

Ukumbi ukanyamaza. Vichwa vyote vikamgeukia Muhuri. Rangi ilimtoka usoni akawa kama karatasi anazozitunza. Alimtazama Mkunga, wala si kwa kuomba. Alimtazama kama anayengoja kofi alilolijua muda mrefu.

Mkunga alikionja kimya kile na kilikuwa kitamu. Asingekana. Alikiacha kikae kidogo.

Kisha akamwona mwenyekiti ameinama mbele, penseli hewani, macho yamemtoka kama paka aliyesikia kisu kwenye ubao. Na nyuma watu wameinama vilevile, watu aliowapokea kwa mikono yake, wanangoja awarushie nyama ya nyumba yake. Hasira aliyokuja nayo ikageuka upande. Hakumpenda Muhuri. Lakini hawa hakuwapenda kiasi cha kuwalisha.

“Mheshimiwa, una watoto?” alimuuliza mwenyekiti.

“Ninao. Kwa nini?”

“Mke wako akishika mimba nyingine, yule aliyekuwa ananyonya huenda wapi?”

Mjumbe mwanamke alijibu kabla ya mwenyekiti. “Kwa bibi yake mzaa mama. Aachishwe ziwa.”

“Hapo kwenye hesabu pameandikwa kuna wa kike ananyonya,” Mkunga alisema. “Aliyemtangulia alikuwa ameachishwa, yuko kwa bibi yake kijiji cha pili. Karani alihesabu vichwa alivyovikuta. Hakuna aliyekwenda kumtafuta mtoto wa miaka miwili.”

“Na mvulana wa darajani?”

“Alikufa. Surua. Hakumaliza miezi mitatu.” Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoitumia kuwapa watu habari mbaya kwenye korido, na kwa hiyo ilisadikika. “Babu yangu alimzika kijijini, akahama. Hakupenda kukaa karibu na lile kaburi.”

Penseli ikageukia dirishani. “Bibi, hayo ni kweli? Huyu mdogo alikuwa kwa bibi yenu siku ya kuhesabiwa?”

“Siku ya kuhesabiwa mimi nilikuwa nanyonya,” Shangazi alisema. “Niulize maziwa yalikuwaje.”

Watu wakacheka, hata wajumbe wawili. Mwenyekiti hakucheka, akamkazia macho.

“Na mvulana wa darajani? Wakati huo ulikuwa umeshaanza kukumbuka.”

Shangazi akavishika vidole vyake vya mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akavibana. “Walimlaza chini ya kitanda,” alisema. “Baadaye hakuwepo tena chini ya kitanda.”

Mwenyekiti alingoja aongeze, hakuongeza. Penseli ikawekwa mezani. Aliandika kitu kifupi, akaita jina lililofuata.

Kwenye korido Muhuri alimfikia Mkunga akamshika kiwiko, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

“Surua,” alisema.

“Niachie mkono.”

“Baba yangu aliishi miaka sabini na moja. Alijenga ile nyumba kwa mikono yake. Alinisomesha. Wewe umemuua ana miaka sita, mbele ya mji mzima, ukamzika bila hata sanda.”

“Ulitaka nimtoe hai? Ungekuwa unafunga mizigo sasa hivi. Wewe na wanao watatu, ambao nimewapokea mimi.”

“Nilitaka unishtaki. Ungenishtaki tungekuwa sawa. Ningekuchukia nikiwa na haki yangu. Sasa umeninyima hata hiyo.”

“Basi nichukie bila haki,” Mkunga alisema, “kama ulivyoanza.” Akatoa mkono wake, akaenda kumsaidia Shangazi kushuka ngazi.

Kitambulisho chake kilitoka baada ya wiki sita, na cha Muhuri pia. Mwezi huo huo Muhuri alileta matofali, akajenga ukuta katikati ya ua, kuanzia lango la mbele hadi chumba cha nyuma. Ukuta ulipofika kwenye chumba cha Shangazi fundi hakujua aupitishe wapi. Ikabidi kitobolewe mlango wa pili, kila upande uwe na wake. Shangazi alisema sasa amekuwa kituo cha forodha, na atakayepita kwake alete ushuru wa sukari. Walileta wote wawili, kwa saa tofauti. Hawakusalimiana. Mke wa Muhuri alijaribu mara moja kumpigia Mkunga hodi, mumewe akamwita arudi ndani kwa sauti iliyomfanya asijaribu tena.

Shangazi aliugua mwaka uliofuata. Siku chache kabla ya mwisho alimwita Muhuri peke yake akafunga mlango wa upande wa Mkunga. Walikaa saa nzima. Baadaye Mkunga aliuliza walizungumza nini.

“Alikuja na jina lake, yule mtoto,” Shangazi alisema, pumzi ikimkatika. “Mama ndiye aliyelibadilisha. Nimempa mwenyewe.”

“Ni lipi?”

“Si lako.”

Mazishini walisimama pande mbili za kaburi. Walitia udongo kwa zamu kama inavyotakiwa, kisha kila mmoja akaondoka kwa njia yake.

Miezi minane baadaye, binti mkubwa wa Muhuri alishikwa na uchungu wiki mbili kabla ya siku zake, na zamu ilikuwa ya Mkunga. Ilikuwa kazi ngumu, tangu asubuhi hadi alasiri, na mtoto alikuja ametanguliza mguu mmoja. Alitoka mzima, mvulana, mwenye sauti. Mkunga alinawa, akachukua daftari la vizazi, akatoka nje kuuliza jina. Kwa desturi ya ukoo wao jina hutolewa na babu.

Muhuri alikuwa amesimama kwenye korido, mgongo ukutani. Alitaja jina ambalo halijawahi kuitwa katika mji ule. Lilikuwa na mlio wa ng'ambo, waziwazi, mtu yeyote angelitambua.

“Una hakika?” Mkunga aliuliza. “Na zoezi lao likirudi tena?”

“Andika.”

Akaandika: mvulana, jina, siku, uzito. Muhuri alisogea akaangalia juu ya bega lake.

“Umekosea herufi ya tatu,” alisema.

Mkunga akaikata, akaiandika upya, akamgeuzia daftari aone. Muhuri alisoma polepole, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, na akapita kando yake kwenda kumwona binti yake bila kusema ahsante.